Legeza Mpira: Kishikio cha Maikrofoni cha Tyubu ya Baiskeli

Rekodi nyingi zinazofanywa nje ya studio huharibiwa na mkono wa anayerekodi. Kidole kikihama kidogo kwenye maikrofoni, pete ikigusa chuma, waya ukigonga mkanda wa suruali, mtetemo hupita ndani ya mwili wa maikrofoni mpaka kwenye utando wake. Utando hautofautishi kutikiswa na hewa na kutikiswa na kiganja. Kwenye hedifoni unasikia mngurumo mzito ambao haukuwepo mahali pale, na kwa kuwa uko karibu na utando kuliko chanzo chochote kingine, unafunika kila kitu. Mzee anapiga likembe kwa dole gumba, kwa upole, naye amekaa kando ya moto akitazama chini. Wewe unamfunika kwa ngurumo ya mkono wako.

Bendera, katika eneo la Kalemie, mkoa wa Tanganyika nchini Kongo, inalionyesha tatizo hili vizuri. Upande wa Ziwa Tanganyika kunapanda milima ya Kabobo, ambayo tangu 2016 ina hifadhi yake, na ambayo imempa jina ndege mdogo wa msituni aliyeelezwa kisayansi na Alexandre Prigogine mwaka 1955. Huku chini kuna kituo cha umeme cha mto Kiymbi, kinachoulisha mji wa Kalemie. Wengi walio nje ya mkoa huu wamelijua jina la Bendera kwa sababu ya shambulio la Juni 1965, wakati Wakuba na wenzao wa Kinyarwanda, chini ya Che Guevara, walipoivamia kambi ya jeshi iliyokuwa ikilinda eneo la kituo hicho. Mimi naitaja kwa sababu nyingine kabisa: ni mahali ambapo sauti ndogo sana na sauti nzito isiyokoma ya mitambo ya umeme hukaa pamoja, na anayerekodi lazima azitenganishe hapohapo.

Kishikio ninachokichambua hapa ni cha kutengeneza nyumbani: bomba la plastiki, kipande cha mbao, tyubu ya baiskeli na waya mwembamba. Kinafanya kazi. Lakini vishikio vingi vya aina hii nilivyovishika havifanyi kazi, na sababu karibu kila mara ni ileile: aliyekitengeneza amevuta mpira mpaka ukakaza, akifurahi kwamba maikrofoni imetulia. Maikrofoni iliyotulia namna hiyo ni maikrofoni iliyofungwa kwenye mkono.

Kwanza, kwa nini mkono, wakati stendi ipo? Kushika maikrofoni mkononi ni mbinu yenye heshima yake, wala haikuzaliwa na uhaba wa vifaa. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika ya kusini, ya mashariki na ya kati akirekodi muziki, na ambaye mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika inayojulikana kwa kifupi ILAM, alifanya kazi hivyo. Mwaka 1952 alikuwa Kongo. Katanga ndiko alikomrekodi Jean Bosco Mwenda, katika mji wa Jadotville, Likasi ya leo. Picha zake za kazini zinamwonyesha ameshika maikrofoni mwenyewe, mara nyingi mwishoni mwa mti mfupi, ameinama juu ya wapigaji. Mwaka 1955 aliandika katika jarida la African Music makala nzima kuhusu kurekodi nje ya studio. Santuri za mfululizo wake wa Sound of Africa zilipita 200.

Zingatia hali yake ya kazi. Alikuwa na mkondo mmoja wa sauti tu. Hakukuwa na nafasi ya kurudi nyumbani ukapandisha likembe na kushusha ngoma. Kilichoingia kwenye utepe ndicho kilichobaki. Kwa hiyo uchanganyaji wote ulifanyika mkononi, wakati wimbo unaendelea. Hesabu yake ni rahisi: ukipunguza umbali kwa nusu, kutoka sentimita 60 hadi 30 kwa mfano, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye chombo hupanda kwa desibeli 6 hivi. Hatua ya kiganja kimoja mbele ya likembe, huku mgongo ukigeukia ngoma, inabadilisha wimbo mzima. Stendi haiwezi kukufanyia hilo mwimbaji wa pili anapojibu kutoka upande ambao hukuutazamia.

Bendera inaongeza sababu ya pili. Transfoma za umeme wa Hz 50 huvuma kwa Hz 100 na vizidishio vyake, kwa sababu chuma cha ndani hujinyoosha na kujirudisha mara mbili katika kila mzunguko. Vifaa vingi vya kurekodi vina kichujio cha sauti nzito, lakini kichujio kinachoanzia Hz 80 hakiipunguzi sana Hz 100, nacho ukikipandisha juu zaidi unakata sauti ya mwanamume na mwili wa ngoma. Dawa ni pembe. Maikrofoni yenye umbo la kusikia la moyo haisikii vizuri kitu kilicho nyuma yake kabisa. Ile ndefu ya mtutu ina pembe yake kimya pembeni kuelekea nyuma, kati ya nyuzi 110 na 125 hivi kutoka mbele, na wengi hukosea wakidhani ni nyuma moja kwa moja. Ukiwa na hedifoni kichwani na maikrofoni mkononi, unageuza kifundo polepole na kusikia mvumo ukizama. Hapo unasimama, kisha unamwomba mwimbaji asogee kidogo ili awe mbele yako. Ni adabu kumweleza sababu na kumpa hedifoni asikie mwenyewe. Mzee akishausikia mvumo ule ukitoweka, yeye ndiye atakayewapanga wengine.

Ila maikrofoni hizi zinazochagua upande zina gharama yake. Zinapokea tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya utando, na ndizo zinazosumbuliwa zaidi na mkono na upepo. Ile inayosikia pande zote husamehe sana, ndiyo maana waandishi wa redio hupenda kuitumia kwenye mahojiano wakiishika bila chochote. Kwa hiyo anayetaka kuelekeza sikio lake analazimika kuining'iniza maikrofoni.

Umbo la kishikio ni hili. Kata pete mbili kutoka kwenye bomba la maji machafu la milimita 110, kila moja upana wa vidole viwili, na ulainishe kingo kwa msasa. Zifunge juu ya ubao mwembamba zikiwa zimeachana sentimita 10 hivi. Katika kila pete toboa matundu manane na upitishe vipande vinne vya tyubu vinavyokatiza duara, viwili vya wima na viwili vya mlalo, ili katikati ubaki mraba mdogo kuliko unene wa maikrofoni kwa milimita moja au mbili. Maikrofoni inapita katika miraba yote miwili. Pete mbili zinahitajika kwa sababu pete moja huiacha ipige kichwa juu na chini kila unapogeuka. Fundo za mpira zikae nje ya bomba, ambako hazitagusa chochote.

Sasa kuhusu kukaza. Kitu kinachoning'inia kwenye mpira kina kasi yake ya asili ya kuyumba. Mitikisiko iliyo polepole kuliko hiyo hupita kama ilivyo. Iliyo karibu nayo hukuzwa. Iliyo juu yake, kuanzia mara 1.4 hivi, huanza kuzuiwa. Kazi yote ya kishikio ni kuishusha kasi hiyo chini kabisa ya sauti unazorekodi. Na kasi hiyo unaweza kuikadiria kwa rula ya shule, bila kifaa kingine. Pima ni milimita ngapi maikrofoni inazama kwa uzito wake yenyewe. Gawanya 15.8 kwa kipeuo cha pili cha milimita hizo. Ikizama milimita 10, kasi yake ni Hz 5. Ikizama milimita moja tu, ni karibu Hz 16. Isipozama hata nusu milimita, uko Hz 22 kwenda juu, tayari ndani ya sauti.

Tofauti kati ya hali hizo ni kubwa kuliko macho yanavyoamini. Kwa hesabu ya darasani, mtikisiko wa Hz 50 kutoka kwenye kiganja, ukikutana na kishikio cha Hz 5, hufika kwenye maikrofoni kama sehemu moja ya mia. Ukikutana na kishikio cha Hz 25, hufika kama theluthi. Mpira halisi hautii hesabu hii kikamilifu, kwa kuwa ni mgumu zaidi unapotikiswa haraka kuliko unapobeba mzigo uliotulia, lakini uwiano unabaki wa kutisha. Na kuna shimo la katikati la kuliepuka: mkono wa binadamu hutetemeka wenyewe, hata ukiwa mzima, kati ya Hz 8 na 12. Kishikio kinachozama milimita 2 au 3 kimeangukia humohumo. Mtetemeko huo hauusikii kwa sikio, lakini unakuzwa, unajaza kikuza sauti cha ndani, na sindano ya kipimo inacheza bila sababu unayoielewa.

Hapa kuna jambo ambalo sijaona likisisitizwa vya kutosha, nami naliona ndilo kiini cha kazi. Watu hupima kuzama maikrofoni ikiwa imelala mlalo, kama inavyotumika. Lakini utando wa maikrofoni ya kuelekeza mbele umesimama kama mlango mbele ya pua yake, na mtikisiko unaoudhuru zaidi ni ule wa mbele na nyuma, kwenye mhimili wa maikrofoni. Sasa tazama vile vipande vya tyubu. Vimekatiza duara, havina sehemu yoyote inayoelekea mbele au nyuma. Maikrofoni ikiteleza mbele, kinachoirudisha ni mkazo tu uliovipa vipande vile ulipovifunga. Ukivifunga kwa mkazo mara mbili, ugumu wa upande huo unapanda mara mbili. Kwa upande wa juu na chini mkazo si kila kitu, kwani mpira wenyewe unanyooka. Kwa upande wa mbele na nyuma mkazo ndio kila kitu. Yaani anayekaza mpira anaharibu upande uleule ambao utando unaumia zaidi, huku rula yake ya mlalo ikimwambia yote ni shwari.

Kwa hiyo pima maikrofoni ikitazama juu. Simamisha kishikio, pua ielekee angani, weka alama ya kalamu kwenye mwili wa maikrofoni usawa wa pete, kisha uone inazama kiasi gani kutoka pale ilipokuwa ikilala. Tafuta milimita 8 hadi 12. Ikizama kidogo kuliko hapo, legeza vipande vyote nane kwa usawa, si kimoja. Ikizama zaidi ya 15, itagonga ubao unapoinua mkono kumfuata ndege mtini. Kuna kishawishi cha kuiona legelege na kudhani umekosea. Itikise: inapaswa kuyumba mara chache kwa uvivu, kisha itulie.

Kutulia huko ndiko kunakonifanya nitetee tyubu mbele ya pete za mpira za ofisini. Tyubu nyingi za baiskeli ni za butili, mpira wenye kumeza mtikisiko. Ukiangusha kipande chake mezani hakirudi juu kwa furaha. Mpira wa asili hurudi, na maikrofoni iliyoning'inizwa kwake hucheza muda mrefu baada ya kila hatua. Butili pia huvumilia jua na hewa, wakati pete za ofisini hupasuka. Si kila tyubu ni ya butili. Zile nyepesi za bei ya chini huenda zikawa za mpira wa asili. Kipimo ni kuvuta na kuachia: ile inayorudi haraka na kuchapa kidole si ya butili, ile inayorudi polepole kidogo ndiyo. Mafundi wa kinga, kama tunavyoziita baiskeli huku, hukata tyubu kuukuu kila siku kwa ajili ya kufungia mizigo, na watakupa kipande ukiwaomba kwa heshima. Chukua sehemu isiyo na kiraka, ioshe ile poda ya ndani, kisha ikate kwa urefu katika vipande vya milimita 5 hadi 7 kwa mkasi mkali. Mkato wenye meno huanza kuchanika hapohapo penye jino.

Maikrofoni nyepesi ni shida ya pekee. Ile ndogo ya gramu 20 au 30 haizamishi mpira wowote unaoweza kuukata kwa mkasi, na ukizidi kupunguza upana mpira unakatika. Badala ya kupunguza mpira, ongeza uzito. Kalemie ni mji wa wavuvi, na chubwi za risasi za nyavu zinapatikana sokoni. Zifunge mbili tatu kwenye mwili wa maikrofoni, nyuma ya matundu ya sauti, kwa namna ambayo uzito unalingana mbele na nyuma ya pete. Zizungushe utepe mara kadhaa, kwa sababu risasi ni sumu na hazifai kushikwa kila siku, tena zikigusana zitalia. Uzito ukiongezeka mara nne, kasi ya asili inashuka kwa nusu. Mkono unachoka mapema kidogo, rekodi inastahili.

Kisha waya. Unaweza kufanya yote hayo kwa uangalifu, ukachomeka waya mnene wa jukwaani nyuma ya maikrofoni, na kazi yote ikapotea. Waya mnene ni fimbo: unaunganisha mkono na maikrofoni ukikwepa mpira. Kata waya mwembamba na laini, sentimita 25 hivi, ulehemu kiunganishi cha maikrofoni upande mmoja na cha kiume cha kupokelea waya mkubwa upande wa pili, na kile cha pili kikazwe kwenye ubao wa kishikio. Kipande hicho kipinde kitanzi kimoja kikubwa kinachoning'inia huru, kisichogusa pete. Waya wenye ngozi ya mpira ni bora kuliko wenye ngozi ngumu ya plastiki, maana huo wa pili hunong'ona kila unapopinda. Maikrofoni ikizama milimita 10 kabla ya kuchomeka waya, na milimita 6 baada ya kuuchomeka, tofauti ya 4 ni waya ukiibeba. Rudi uulainishe.

Mpini hauna siri kubwa. Mbao kavu iliyokatwa kwenye mpini wa jembe inatosha, ikichongwa kufuata kiganja na kuinamishwa nyuma kidogo ili kifundo kisipinde. Uuweke chini ya kitovu cha uzito, la sivyo kidole gumba kitakaza kuzuia kisianguke, na msuli uliokaza hutetemeka. Uvalishe tyubu au kitambaa cha pamba, kwa sababu ngozi yenye jasho kwenye mbao iliyopigwa vanishi hukwaruza. Misumari haifai, tumia skrubu na gundi, halafu gonga kishikio kizima kwa ukucha ukisikiliza kama kuna kitu kinacholia. Na pete ya ndoa ivuliwe, kwa ruhusa ya mwenzako.

Upepo unahitaji makala yake, nitasema machache. Sponji nyembamba inayokuja na maikrofoni inatosha ndani ya nyumba tu. Kiangazi, upepo unapovuka kutoka ziwani, kinachohitajika ni hewa iliyotulia kuizunguka maikrofoni: kitundu cha waya mwembamba kinachofunika pete zote mbili bila kuigusa maikrofoni, kikivalishwa kitambaa chepesi na juu yake manyoya bandia ya blanketi au ya mdoli. Jaribu kitambaa kwa pumzi. Ukiweza kupumua kupitia kwake bila kuhisi kizuizi, sauti nayo itapita. Ukilazimika kuvuta, utakuwa umefunga sauti kali za ndege pamoja na upepo. Waya wa kitundu ufungwe vizuri penye viungo, maana kitundu kinacholia ni kibaya kuliko upepo.

Kabla ya kwenda kwa mwimbaji, jaribu kishikio mahali palipo kimya, usiku ikiwezekana. Rekodi dakika moja ukisimama tu, dakika moja ukigeuza kifundo, dakika moja ukitembea polepole kwa kisigino kwanza. Sikiliza kwa sauti ya juu kuliko utakavyosikiliza baadaye. Mkwaruzo mkavu unatoka kwenye mpini. Mngurumo wa chini unaofuata hatua zako unatoka kwenye mpira uliokaza au waya. Mlio mmoja mfupi unapoanza kugeuka ni maikrofoni kugusa kitu. Ukisikia kila kimoja kwa jina lake hutapoteza muda kubadilisha kitu kisichohusika.

Mvua huleta jambo moja la mwisho. Mpira uliolowa huteleza, na maikrofoni inayotazama juu inaweza kupita moja kwa moja katika mraba wake na kuanguka. Zungusha ukanda mwembamba wa tyubu kwenye mwili wa maikrofoni, mbele na nyuma ya kila pete, kama kizuizi. Pima upya kuzama kwake kila unapobadilisha kipande, na vipande vya akiba vikatwe kutoka kwenye tyubu ileile, kwa upana uleule, vikae mfukoni pamoja na rula.